Sura ya Saba: Wizi Usio na Siku

Sajini alisoma maelezo ya mtuhumiwa mara ya tatu, na mara ya tatu akakwama palepale, mstari wa kumi na moja: "Picha ni ileile siku zote, yenye mawingu mekundu kama makaa."

Akafunga faili. Akalifungua tena.

Pale kituoni walimwita Kobe. Zamani walimwita hivyo akishatoka chumbani. Siku hizi walimwita usoni, naye akaitika. Sababu ilikuwa tabia yake ya kuuliza swali moja mara tatu na kuandika majibu yote matatu, hata yakifanana kama mapacha.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi kama unyoya. Maktaba ya mji ilikuwa na kitu kimoja cha thamani: picha ya bonde na vilima wakati wa mawio, iliyochorwa kwa rangi za maji na kutiwa kwenye fremu ya mbao. Aliyeichora alikuwa mpima ardhi wa wilaya, sasa marehemu, ambaye kazi zake zote alizitia sahihi kwa neno moja tu, Mpima. Nje ya wilaya hakuna aliyemjua. Ndani ya wilaya, wachache waliomjua walishusha sauti kwa heshima walipomtaja. Wiki iliyopita bodi ya maktaba ilitaka kuikatia picha hiyo bima, ikamwita mthamini. Mthamini akasoma kadi ya usajili iliyoandikwa siku picha ilipopokelewa: mawingu mekundu, vilima vya zambarau, sahihi nyekundu pembe ya chini kulia. Akainua macho ukutani. Anga ilikuwa ya kijivu iliyochujuka, vilima vya buluu, na pembe ya chini kulia haikuwa na hata nukta. Akaandika ripoti ya ukurasa mmoja: picha halisi imeondolewa, iliyopo ni nakala.

Ufunguo wa ukumbi wa kusomea ulikaa kwa mtu mmoja miaka ishirini na sita, mhudumu wa maktaba, mjane ambaye mji mzima ulimwita Bi Funguo. Alikamatwa juzi. Leo saa nane mchana faili lake lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na yeye mwenyewe kizimbani kabla ofisi hazijafungwa. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni. "Kobe, hilo faili bado umelikalia tu? Unangoja litotoe?"

"Kuna mstari mmoja, mkuu, hauniingii akilini."

"Upi? Mama kasema mwenyewe picha ni nyekundu. Ya ukutani si nyekundu. Kwa hiyo anaijua ya kweli, na anajua ilikokwenda. Mtoto wa darasa la pili angekupa jibu."

"Ndiyo, mkuu. Lakini mtu aliyeiba nyekundu akatundika buluu, kwa nini aape kwamba ya ukutani ni nyekundu? Si angesema ilikuwa buluu tangu azaliwe?"

Mkuu alikuna kidevu, akatazama saa. Saa tatu na robo. "Saa nane," alisema, akaondoka.

*

Bi Funguo aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amejifunga mtandio wake sawasawa, kama mtu anayetarajiwa mahali. Usiku mbili za mahabusu zilimwachia mikunjo kwenye gauni tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza tena nimemuuzia nani?"

"Nimekuja kukuuliza rangi ya mawingu."

"Mekundu."

"Leo?"

"Leo niko kwenu, nitajuaje? Juzi asubuhi yalikuwa mekundu."

"Mama, juzi hiyohiyo mchana nilisimama mbele ya picha. Sikuona wekundu wowote."

"Basi, baba, nenda kapimwe macho. Si serikali ndiyo inawalipia?"

Kobe aliandika. Alikuwa amehoji waongo wengi maishani mwake, na wote walikuwa na kitu kimoja: kabla ya kujibu walikupima kwanza. Mama huyu hakumpima mtu. Alijibu kama anayeulizwa jina la mwanawe.

"Mara ya kwanza uliiona lini?"

Uso wa Bi Funguo ukabadilika. Ukapoa, ukalainika. "Siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimemzika mume wangu hata arobaini haijatimia, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Picha yenyewe ilikuwa kwenye kijia cha nyuma, karibu na stoo ya mafagio, imetundikwa kama kalenda ya mwaka jana. Nikafungua bomba, nikageuka, nikaiona. Afande, nilisahau maji. Yalijaa ndoo, yakamwagika, yakanifika miguuni, mimi nimesimama tu. Nilijiambia, kumbe asubuhi inaweza kuwa hivi na mimi naamka kila siku siioni."

"Kisha?"

"Kisha nikamsumbua mkutubi wa wakati ule miezi mitatu, mpaka akachoka na mimi. Akaihamishia ukumbini, ukuta unaotazamana na yale madirisha makubwa. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza, kabla ya ufagio, ni kufungua mapazia. Jua linaingia linaipiga uso kwa uso. Saa mbili mpaka saa tano, we acha tu! Watu wanapata raha yao."

"Na mawingu ni mekundu."

"Mekundu, mwanangu. Utaniuliza mara ngapi?"

"Tatu," alisema Kobe, akasimama. "Nimemaliza."

*

Ukumbi wa kusomea ulikuwa mrefu, na ubaridi wake ulitoka kwenye sakafu. Tangu Bi Funguo achukuliwe hakuna aliyekumbuka mapazia. Yalikuwa yamefungwa, taa zinawaka. Picha ilikuwa bado ukutani, na karatasi ya polisi imebandikwa chini yake.

Kobe aliitazama. Upana wake haukuzidi mikono miwili. Bonde limelala, vilima vinne vimepangana nyuma yake, anga juu. Ilikuwa picha nzuri, hakukataa, lakini ilikuwa na kitu cha kuumwa, kama mtu aliyetoka hospitali na nguo zinampwaya.

Alianza na mkutubi, kijana mwanamke mwenye miwani, mwaka wake wa tatu kazini.

"Mawingu yalikuwa na rangi gani ulipofika hapa?"

"Hivihivi, afande. Kijivu na manjano kidogo. Nakumbuka kwa sababu siku ya kwanza Bi Funguo alinileta mbele ya picha, akaniambia, tazama wekundu huo. Nikatazama. Nikasema ndiyo, mama, ni mwekundu." Alisita. "Sikuuona. Nilimheshimu tu."

"Na kadi ya usajili?"

"Iko kwenye kabati la bodi. Sikuwahi kuishika mpaka mthamini alipokuja."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa dereva mstaafu wa malori, ambaye kwa miaka kumi na minne hakukosa siku hata moja kuja kusoma magazeti bure. Kobe alivuta kiti karibu naye.

"Mzee wangu, naomba dakika zako mbili."

"Chukua hata tano, afande. Nimeshamaliza vifo, nilikuwa nakwenda kwenye michezo. Huko nako siku hizi ni vifo tu."

"Ulipoanza kuja hapa, mawingu ya picha ile yalikuwaje?"

Dereva alifumba macho. Kobe alipenda hilo; wanaokumbuka kweli hufumba macho. "Yalikuwa rangi ya waridi. Si jekundu la kupiga kelele, hapana. Waridi, kama ndani ya mdomo wa mtoto."

"Si mekundu kama makaa?"

"Makaa? Hata kidogo. Nani kasema makaa?"

"Na yalibadilika lini?"

"Yamebadilika?" Dereva alifumbua macho, akageuza shingo kuitazama picha. Mdomo ukabaki wazi. "Ala!" alisema polepole. "Mbona... Nakaa hapa kila siku ya Mungu. Nani kafanya hivi?"

"Ulikuwa hujaona?"

"Naapa, mpaka sasa hivi uliponiuliza."

Kobe aliandika majibu matatu, moja chini ya lingine. Miaka ishirini na sita: makaa. Miaka kumi na minne: waridi. Miaka mitatu: kijivu. Akayatazama kwa muda. Kama picha ilibadilishwa, mashahidi walipaswa kuona picha mbili. Hawa wameona tatu. Ni mwizi gani anayerudi mara mbili, na ile ya katikati akaipaka wekundu nusu?

Hata hivyo, palikuwa na jambo la kumrudisha nyuma. Alivaa glavu, akaitoa fremu ukutani na kuigeuza. Karatasi ya kaki mgongoni ilikuwa mpya kuliko mbao. Misumari midogo iliyoishikilia iling'aa.

Kuna mtu aliifungua.

*

Karakana ya fundi fremu ilinuka gundi na unga wa mbao. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni, na alipoona sare mlangoni penseli ikaanguka.

"Fremu ya maktaba," alisema Kobe. "Uliifungua lini?"

"Fremu ipi, afande? Mimi fremu nyingi..."

"Ya bonde. Misumari ni ya kwako, hii hapa kwenye kopo lako."

Fundi alitazama kopo kana kwamba limemsaliti. "Miaka sita iliyopita. Kona ilikuwa imelegea, bodi wakanipa niikaze. Nilikaa nayo siku tatu."

"Siku tatu za kukaza kona moja?"

Kwenye benchi, gundi ilichemka polepole ndani ya chungu chake.

"Fundi, yule mama yuko mahabusu. Saa nane anapelekwa mahakamani."

"Bi Funguo? Mungu wangu." Fundi aliketi juu ya gogo. "Nilivunja kioo. Ndio hivyo, nimesema. Kiliponyoka mkononi kikawa vipande mia. Kilikuwa kioo cha zamani, kizito, chenye rangi ya chai hivi. Hakuna dukani. Nikazunguka siku mbili, nikaishia kuweka cha dirisha, cheupe cha kawaida, nikanyamaza. Nilidhani mtaniuliza siku yoyote. Miaka sita, afande, nikiona mtu wa maktaba sokoni napita njia nyingine."

"Na picha? Uliitoa?"

"Sikuigusa! Ile kadibodi ya ndani, inayoizunguka picha kama mpaka, imegandishwa juu ya karatasi yenyewe kwa gundi ya kizamani. Kazi ya mikono ya Mpima mwenyewe. Alikuwa anajitengenezea fremu. Nilibadilisha kioo, nikarudisha vilevile."

"Kwa hiyo sehemu iliyofunikwa na kadibodi hakuna aliyewahi kuiona?"

"Tangu Mpima aifunike? Hakuna."

Kobe aliandika, akafunga daftari. "Chukua vifaa vyako. Unajua kuitoa bila kuichana?"

Fundi alijifuta mikono kwenye aproni mara mbili, tatu. "Baba yangu alinifundisha. Lakini afande, mikono inatetemeka."

"Tutakwenda polepole. Mimi sina sifa nyingine."

*

Mthamini alifika saa sita na nusu, koti limenyooka, lenzi yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Hakufurahi kuitwa.

"Bwana Sajini, mimi ndiye niliyeandika kijitabu pekee kilichopo kuhusu Mpima. Nimeona kazi zake tisa kati ya kumi na mbili zinazojulikana. Nikisema si yake, si yake."

"Nimekisoma kijitabu, ni kizuri," alisema Kobe, na alikuwa amekisoma kweli. "Hii uliitoa kwenye fremu?"

"Rangi za maji hazishikwishikwi ovyo."

"Ile siku ulithamini vitu vingapi hapa?"

"Kumi na saba. Pamoja na saa ya ukutani, ambayo haitembei."

"Uliitoa kwenye fremu?"

"Nimeshakujibu."

"Uliitoa?"

Mthamini alivuta pumzi. "Hapana."

Kobe aliuacha mjadala hapo, akatembea mpaka kwenye rafu iliyosimama pembeni ya picha, ukuta uleule. Alikuwa ameipita asubuhi bila kuitazama. Juzuu kumi na mbili za kamusi ya elimu, migongo yake ya kitambaa cheupe kilichopauka. Kwa nini mtu ajalidi vitabu kwa kitambaa cha rangi ya vumbi? Alivuta juzuu ya tano. Ikatoka taratibu kutoka katikati ya wenzake, na jalada lake la ubavuni, lililobanwa gizani miaka yote, lilikuwa jekundu kama damu.

Aliinua kitabu ili mthamini akione: mgongo mweupe, ubavu mwekundu. Akaonyesha madirisha.

Uso wa mthamini ulianza kubadilika kabla Kobe hajafungua mdomo.

"Nilikuwa natafuta siku," Kobe alisema. "Wizi una siku. Jana picha ilikuwepo, leo haipo. Nimeuliza watu watatu, hakuna aliyeijua siku yenyewe. Dereva hapa anakaa mbele yake kila asubuhi na hakuona kitu. Mtu anayechukua kidogo hivyo, kila siku kidogo, miaka na miaka, bila kukosa, simjui katika wahalifu wetu."

"Jua," alinong'ona mthamini.

"Jua. Na miaka sita iliyopita likafunguliwa mlango, kioo kizito kilipotolewa."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kuna wekundu unaotengenezwa kwa mizizi na wadudu," mthamini alisema, kama anayejisomea. "Mwanga unaula. Buluu inabaki. Zambarau ukiitoa wekundu, unabaki na buluu... vilima... Nimelifundisha hili jambo. Nimelifundisha darasani, Bwana Sajini!"

"Bado ni maneno," alisema Kobe. "Mwendesha mashtaka hapokei maneno. Fundi, tufungulie."

Meza ndefu ikatandikwa shuka safi. Fundi aling'oa misumari mmoja mmoja, akaiweka kwenye kisahani. Akaichana kaki. Akatoa kioo kwa mikono miwili, na alipokilaza salama alitoa pumzi iliyosikika ukumbi mzima. Kisha akachukua kisu chembamba kama jani, akakipasha kwenye chungu cha maji moto, akakifuta, akakipitisha chini ya kadibodi. Gundi ya zamani ilitoa mlio mdogo, kama karanga ikikanyagwa. Dereva mstaafu alikuwa amesimama nyuma yao na gazeti limekunjwa kwapani. Mkutubi alishika miwani yake kwa mikono yote miwili.

"Inakuja," fundi alisema.

Kadibodi ikainuka.

Fundi alivua kofia, na pengine hakujua kwamba ameivua.

Kuizunguka picha yote, kwa upana wa vidole viwili, mawio yalikuwa hai. Juu, anga iliwaka. Si jekundu moja, bali mekundu mengi yamelala juu ya mengine, kama makaa yanapopulizwa na kila upulizo unaleta rangi yake. Ubavuni, vilima viliingia vikiwa vya zambarau nzito, yenye umande, mtu angedhani akivigusa atalowa. Kisha, palepale ilipoishia kadibodi, ulikuwapo mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula, na kuvuka mstari huo kila kitu kilikufa. Moto upande huu, majivu upande ule. Na ilikuwa karatasi moja, brashi moja, mkono mmoja. Kila mchirizi wa rangi ya maji ulianza ukiwa hai na kumalizikia ng'ambo ukiwa umekufa bila hata kuyumba.

Pembe ya chini kulia palikuwa na mkia mdogo mwekundu, umepinda kama ndoano, haujashikamana na kitu. Mthamini alishusha lenzi.

"Mkia wa herufi ya mwisho," alisema. "Alikuwa anauvuta hivi kila mara, mrefu, unatoka nje ya picha. Sahihi ilikuwa hapa. Imeliwa yote, mkia peke yake ukajificha chini ya kadibodi. Ni yake. Mungu anisamehe, ni yake."

"Na hivi je?" Kobe alionyesha kwa kalamu.

Chini kabisa, kwenye ukingo mtupu wa karatasi, vilijipanga vialama vya brashi, vidogo kama shanga, kila kimoja rangi yake: cheusi cha buluu, zambarau, damu ya mzee, chungwa, dhahabu. Mchoraji alijaribia rangi zake hapo kabla ya kuzipandisha kwenye picha. Chini ya kila kimoja palikuwa na tarakimu za penseli, ndogo, zilizonyooka, za mtu aliyezoea kuandika kwenye ramani. Mthamini alizisoma kwa sauti ya chini, na ukumbi wote ukainama kumsikiliza.

"Kumi na mbili na nne. Kumi na mbili na sita. Na tisa. Na kumi na moja..." Aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa. "Ni dakika. Aliandika dakika ambayo kila rangi ilitokea. Mpaka ishirini na sita. Dakika ishirini na mbili, alisimama pale bondeni na saa mkononi. Kazi zake tisa nimeziona, zote kupitia kioo, na hili sikulijua. Alikuwa anapima. Alilipima jua kama kiwanja."

"Makubwa!" alisema dereva mstaafu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Kobe alipiga picha kumi na nne, akapima upana wa ukingo uliofunikwa, akaandika majina na kazi za waliokuwepo, na saa. Kisha akatoka barazani na kumpigia mkuu.

"Kobe, faili liko wapi?"

"Linakuja, mkuu, ila hakuna mwizi ndani yake. Naomba yule mama aletwe maktaba. Bila pingu, na kwa gari, si kwa miguu."

"Sababu?"

"Ni mke wa mtu aliyefariki, mkuu, ana miaka hamsini na tisa, na tumemlaza chini usiku mbili kwa sababu alisema kweli."

"Saa nane kasorobo atakuwa hapo," alisema mkuu.

*

Bi Funguo aliingia, akatazama kwanza sakafu, akaona unga wa gundi, akakunja uso. Kisha akaona meza.

Alikwenda taratibu. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya picha na mikono nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse, na Kobe akaona macho yake yakitembea juu ya ukingo unaowaka, yakavuka mstari, yakasimama. Yakarudi kwenye ukingo. Yakavuka tena. Ndipo, baada ya miaka ishirini na sita, akaiona.

"Hii ya katikati," alisema. "Imekuwaje?"

Kobe angeweza kusema mengi. Alisema kilichokuwa kweli. "Jua, mama. Kidogo kidogo, kutoka madirishani."

"Nililofungulia mimi."

"Ulilofungulia wewe, na mkutubi aliyeihamishia pale, na kioo kilichobadilishwa."

"Mimi, mwanangu. Usinigawie watu." Alishika ukingo wa meza. "Nilitaka watu waione. Kumbe kila siku nilikuwa naifua. Naifua kama shati."

Fundi aliangalia ukutani. Mkutubi alikuwa analia waziwazi.

"Hakuna kosa la jinai hapa," alisema Kobe. "Kesi nimeifunga. Unarudi kazini kesho, au leo ukitaka."

"Nimesikia, baba, na Mungu akubariki. Lakini kesi kufungwa hakuirudishi."

Mthamini alikuwa ameketi kando, ripoti mpya mbele yake. Alikuwa ameandika jina la mchoraji, vipimo, aina ya karatasi, na neno "halisi", akalipigia mstari. Chini yake palikuwa na sehemu ya maelezo ya rangi, na hapo kalamu ilikuwa imesimama. Ukingo ulimpa vidole viwili. Vialama vilimpa dakika. Lakini rangi ipi ilikaa wapi kwenye anga nzima, kilima kipi kilitangulia kuwaka, hilo hakuna kadi iliyoliandika. Aliinua kichwa, akamtazama yule mwanamke aliyetiwa mahabusu kwa ile ripoti ya ukurasa mmoja. Akasimama. Akavuta kiti chake mwenyewe, akamwekea.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imevuliwa ukubwa wote, "ulipoingia hapa kila asubuhi, ulikuwa unaona nini?"

"Si niliwaambia? Mawingu mekundu."

"Yote?"

"Yote wapi! Kwani mawio yanakuja yote mara moja?" Alimshangaa. "Pale, juu ya kilima cha pili, palikuwa na uzi. Mwembamba, wa chungwa, umelala. Kama mtu amepitisha sindano."

Mthamini alishusha lenzi kwenye ukingo wa chini, akapita alama baada ya alama. Alisimama kwenye moja iliyokuwa nyembamba kuliko zote, mchirizi wa chungwa usiozidi unene wa unywele.

"Kumi na mbili na kumi na tatu," alisoma kwa shida.

Kobe aliiandika dakika hiyo daftarini.

"Wekundu uko nao," mthamini alisema. "Wote. Uko nao wewe peke yako." Akachukua kalamu na karatasi safi, akapiga magoti kando ya kiti, koti lake lililonyooka likigusa sakafu. "Naomba uniambie, mama. Niandike."

Bi Funguo alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Aliketi, akaivuta meza kidogo, akainama juu ya anga ya kijivu kama anayeinamia kitanda cha mtoto aliyelala. Kisha akanyoosha kidole, bila kugusa.

"Usiandike haraka," alisema. "Anza huku kushoto. Huku bado ni usiku."